Mstari wa Sauti ya Pili

Daftari lenyewe lina jalada la kijani lililokwisha pembe, na nyuma yake kuna doa. Nalitaja doa mapema kwa sababu msichana mmoja wa kwaya aliwahi kuniuliza kama ni alama ya muziki. Nikamwambia hapana mwanangu, hiyo ni chai ya maziwa, mwaka ule ng'ombe wetu alipozaa mapacha tukawa tunakunywa maziwa kama wendawazimu.

Humo mna nyimbo nilizotunga nilipokuwa mwalimu wa kwaya hapa Akheri. Kazi hiyo nimeifanya mpaka meno ya mbele yakaniaga na kila neno lenye "s" likaanza kutoka na filimbi yake. Shule nimeishia darasa la nne. Darasa la tano lilikuwa ng'ambo ya mito miwili, na baba alikuwa na kahawa ya kuchumwa, basi mambo yakaishia hapo. Lakini nota nilizijua. Alinifundisha mwinjilisti mmoja mzee aliyetundika kitambaa cheupe ukutani katika kanisa la zamani, kimeandikwa kutoka chini kwenda juu: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa. Anagusa kitambaa, sisi tunaimba. Ukikosea, fimbo inaacha kitambaa inakuja kwako. Hadi leo nikipanda ngazi, hata zile za benki mjini, miguu inaimba yenyewe.

Wimbo ninaotaka kuwaeleza uko ukurasa wa kumi na tisa. Ni wa kushukuru kwa mvua za masika, una beti nne. Ukiufungua utaona sauti zote nne zimeandikwa moja chini ya nyingine, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ukifika ubeti wa tatu, mstari wa pili, utakuta sauti ya pili haina kitu. Karatasi pale ni nyembamba, ukiiinua kwenye jua unaona mwanga. Nilifuta kwa raba, tena kwa nguvu.

Sauti ya pili ilikuwa ya mke wangu. Wako wengine waliosimama naye, watatu, lakini walimwegemea yeye. Sauti ya kwanza haina kazi, ndiyo ile watu wanayoondoka nayo wakienda nyumbani. Ya pili inataka mtu mkaidi. Inatembea kando kando ya wimbo, na ukizubaa kidogo umeshavutwa umeingia ya kwanza. Mke wangu hakuvutwa na mtu kwa jambo lolote, mimi ni shahidi.

Sasa, tulipata mtoto wetu wa kwanza, binti. Mama yake aliimba naye mgongoni, kama wanawake wote. Mtoto alilala vizuri ubeti wa kwanza na wa pili. Ikifika ubeti wa tatu, mstari wa pili, pale wanaume wa sauti ya nne wanapoingia kwa kishindo, anaamka analia kama amechomwa. Mke wangu anaacha kuimba, anamtikisa, anambembeleza. Wale watatu wanaobaki wanaanguka mmoja baada ya mwingine, kama migomba upepo ukipita. Kila mazoezi ni hivyo hivyo. Na siku ya kwaya kukutana Tengeru ilibaki wiki moja.

Ndipo nikachukua raba. Nikasema sauti ya pili ipumzike mstari ule, amnyamazishe mtoto wake bila aibu, kisha warudi pamoja.

Kule Tengeru mambo yakawa makubwa. Sauti tatu zinakwenda, ya pili kimya, kisha inarudi kama mtu aliyetoka safari. Watu wakafuta machozi. Mchungaji mmoja wa usharika mwingine akanijia baada ya ibada, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, ule ukimya umeupata wapi?" Nikamjibu kwamba nimeutafakari kwa muda mrefu. Mungu anisamehe. Nilikuwa nimevaa koti la kuazima, na mtu aliyevaa koti la kuazima huwa anasema mambo.

Mtoto akaacha kunyonya, akaacha kubebwa. Mke wangu akaniambia, "Haya, nirudishie mstari wangu." Nikasema nitaurudisha. Nilikuwa nimeshausahau ulivyokuwa, na kila nilichojaribu kuandika pale kiligombana na sauti ya tatu. Nitasema na lingine, kwa kuwa nimezeeka na sina wa kumwogopa: sifa za ule ukimya zilinikolea. Nikaacha.

Hakuacha yeye. Anamenya ndizi, anasema, "Mwalimu, mstari wangu?" Tunachuma kahawa, yuko upande wa pili wa mti simwoni hata uso, nasikia, "Mstari wangu je?" Mbele ya wageni, mbele ya wakwe. Ikawa kama salamu ya nyumba yetu. Alipougua ule ugonjwa wa mwisho, nikiwa nimekaa kitandani namshika mguu, akasema, "Sasa huko niendako watanisimamisha sauti ya pili, ikifika pale nifunge mdomo wote wananiangalia?" Tukacheka. Yeye alicheka zaidi yangu. Baada ya wiki mbili tulimzika hapa nyumbani, kwenye migomba.

Mwaka ulipokaribia kutimia tukapanga ibada ya shukrani, na mimi nikaomba jambo moja tu, ule wimbo uimbwe. Kwaya yangu ya zamani haipo. Tumebaki mimi na mzee mmoja wa sauti ya nne ambaye hasikii, ukimpa wimbo anaanza wake. Wataimba vijana, na vijana hawa wanaimba kilichoandikwa, hawana pengine pa kuutoa. Nilitaka kabla ya siku hiyo niwe nimempa mstari wake. Nilikaa na penseli karibu mwezi mzima, na hakikuja kitu.

Tena vijana wenyewe walisema daftari hawalitaki, wanataka wimbo kwenye simu. Sikukasirika. Enzi zetu kila mwimbaji alinakili sauti yake kwa mkono, na kila daftari lilikuwa na makosa yake. Kuna mtaa huko juu walikuwa na kituo cha ajabu katikati ya ubeti wa kwanza, wote wanasimama, wanavuta pumzi, wanaendelea. Nikawauliza, wakanionyesha: inzi alikuwa amekufa kwenye karatasi wakati mwandishi wao ananakili, akadhani ni nukta. Wameimba inzi yule miaka mingi. Baadaye ikaja stensili, wino unashika mpaka masikioni, kisha fotokopi pale Tengeru. Kwa hiyo simu kwangu ilikuwa ni hatua nyingine tu.

Nikampigia mjukuu wangu, mtoto wa yule binti yetu wa kwanza. Anakaa Sombetini, anafanya kazi mjini kwenye ofisi ya watalii, kazi yake ni kuandika ratiba za wageni: siku ya kwanza wataona nini, siku ya pili watalala wapi. Alikuja Jumamosi na kompyuta yake ya kukunja.

"Shikamoo mume wangu."

"Marahaba. Mke gani wewe unayekuja mara moja kwa mwezi?"

"Mume mwenyewe hana meno, nikija nimpikie nini?"

"Uji. Kaa hapo."

Tukakaa barazani. Mimi naimba, yeye anaandika. Ananiuliza hii nukta ni nini, nasema ni nusu pigo. Hivi vistari je? Endelea kuishikilia nota. Mlima siku hiyo ulikuwa umejifunika, baridi inashuka, tukaletewa chai mara tatu. Jioni ilipokaribia wimbo wote ulikuwa ndani ya ile dokumenti, lakini ulikaa vibaya kweli. Sauti nne hazikulingana, do ya huyu iko juu ya so ya mwingine, ungedhani mbuzi wamepita.

"Usiangalie sasa hivi," akasema. "AI itaipanga."

Hiyo AI naisikia redioni, wanaiita akili mnemba. Nilidhani ni ya kuongea tu, unaiuliza inajibu.

"Zamani ilikuwa hivyo," mjukuu akanieleza. "Ilikuwa kama mtu mwenye akili nyingi amefungwa mikono. Anakuambia barua yako imekaa vibaya lakini hawezi kuigusa. Sasa kuna hiki kifaa, kinampa mikono. Anaingia mwenyewe kwenye dokumenti huko mtandaoni, anasogeza, ananenepesha vichwa vya habari, anachora jedwali, anamaliza anatoka. Ofisini ratiba zote anapanga yeye."

"Anabisha hodi?"

"Inategemea ruhusa uliyompa, babu. Unaweza kumwambia apendekeze tu. Hapo maneno yake yanakuja na rangi, wewe unakubali au unakataa. Au unamwachia afanye."

"Na wewe?"

"Nimemwachia. Nimemwambia panga vizuri, sauti nne zilingane, kamilisha palipopungua." Alikuwa na maana ya maneno ya wimbo, maana nilipochoka nilikuwa nasema, hapo rudia kama mwanzo.

Basi nikaona. Hakuna mtu aliyegusa kitufe, na mistari ikaanza kujisogeza. Nota zikapanda, zikashuka, zikajipanga kama siafu waliokuta njia yao. Kichwa cha wimbo kikanenepa, kikasimama katikati. Wimbo wangu, ulioanza kwenye karatasi ya doa la chai, ukawa kama wa kitabu kilichochapishwa Ulaya. Macho yalinijaa. Sikukagua. Mwalimu wa kwaya asiyekagua! Yule mwinjilisti angenimaliza kwa fimbo. Mjukuu akawatumia vijana linki, akanywa chai ya mwisho, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kanisani kwenye mazoezi. Nikakaa benchi la nyuma na fimbo yangu ya kutembelea. Ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili, wasichana wanakimbia kidogo lakini vizuri. Wa tatu, mstari wa kwanza. Nikajiandaa kwa ule ukimya, nikafumba macho.

Sauti ya pili haikunyamaza.

Iliendelea. Ikashuka taratibu, ikapita chini ya sauti ya tatu bila kuigusa, ikapanda tena ikatua mahali pake. Sitasema uongo ili nionekane mzee mwenye msimamo: ulikuwa mstari mzuri. Ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika pale. Hapo ndipo paliponiuma.

"Simameni! Nani amewapa hiyo?"

Mwalimu wao, kijana mpole, akanijia na simu mkononi. "Imo humu, mwalimu. Ubeti wa tatu. Si ndivyo?"

Nikavaa miwani. Imo kweli, imepangwa sawa na nyingine. Penye uwazi pamejazwa.

Nilimpigia mjukuu hapo hapo nje ya kanisa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Umemwingiza nani kwenye mstari wa bibi yako?"

Alikuja Jumapili baada ya ibada, hakuna utani wa mume wala mke. Ibada ya shukrani ilikuwa Jumamosi inayofuata. Akafungua kompyuta, akasoma, akajishika kichwa.

"Ni mimi, babu. Nilisema kamilisha palipopungua. Akaona sauti moja haina kitu, akadhani pamepungua."

"Pamepungua kweli," nikasema.

Hakunielewa. Akanionyesha jambo ambalo naliwaza mpaka leo. Dokumenti ile haisahau. Kuna mahali unabonyeza, inakuletea ilivyokuwa jana, na Jumamosi ile saa kumi, kabla ya huyo AI, mpangaji wetu, kuingia. Kila kilichoongezwa kina rangi yake, kila kilichofutwa kipo, kimekatwa tu mstari. Nikaangalia daftari langu magotini, pale karatasi ilipopitisha mwanga. Raba yangu haikubakiza hata kivuli.

"Niurudishe ukimya?" akauliza. "Mama husema ule ukimya ndio utamu wa wimbo wote."

"Mama yako ndiye ukimya wenyewe," nikasema, nikamweleza. Raba, kilio, wanaume wa sauti ya nne. Alicheka mpaka kompyuta ikataka kuanguka. Nikamweleza na ile sehemu ya pili, ya bibi yake kuomba mstari wake na mimi kukaa na sifa. Hapo hakucheka.

Nikamwambia nilivyokuwa nawaza. Nikirudisha ukimya, nimemnyima tena, mara ya mwisho. Nikiacha huo wa mashine, wasichana wameshaujua, ni mzuri, na mke wangu atakuwa amepata mstari. Lakini wa nani? Huyo mpangaji hakuwahi hata kumsikia akikohoa.

Mjukuu akasema, "Babu, bibi aliuimba huu wimbo jikoni kila siku. Nilipokuwa nakuja likizo ndio ulikuwa unaniamsha. Akifika pale alikuwa ananyamaza?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Halafu nikaufunga.

Hakunyamaza. Jikoni hakunyamaza hata siku moja. Pale penye mstari alifunga mdomo na kuvumisha tu, mmm, mmm, kisu kinaendelea kumenya, kisha anaendelea na maneno. Miaka yote hiyo nimekaa upande wa pili wa ukuta wa mbao, mwalimu wa kwaya mwenye masikio, nikidhani mwanamke anavuma tu kama wanawake wanavyovuma wakiwa na kazi.

Nikasimama. Nikaenda jikoni, lile la nje la kuni. Kigoda chake kipo. Mjukuu akanifuata na kompyuta, akasimama mlangoni. Nikakaa, nikaomba kisu na mkungu, nikaanza kumenya. Mimi kumenya ndizi sijui, nilitoa maganda pamoja na nusu ya ndizi. Ndizi ya kwanza, hakuna. Ya pili nikaanza wimbo toka mwanzo, nikafika pale, hakuna. Utomvu umenishika vidole. Ya tatu nikaacha kufikiria wimbo nikafikiria ndizi, na nilipofika pale mdomo ukajifunga wenyewe.

Mmm. So, so, inakaa. Inapanda la, inarudi so, inashikilia, inashikilia, inashuka mi.

"Rudia," mjukuu akasema kwa sauti ndogo. Nikarudia. Akaandika herufi moja moja, safari hii kwa mkono wake. Kisha akamwita mpangaji, akamfunga ruhusa: pendekeza tu, usiguse.

Pakatokea rangi sehemu moja.

"Anasema hii so unayoishikilia inagongana na sauti ya tatu, wao wako kwenye la. Anapendekeza iwe fa, ndiyo italingana."

Ni kweli inagongana. Ndiyo maana kila nilipokaa na penseli sikuipata. Nilikuwa natafuta inayokubaliana.

"Iache igongane," nikasema. "Mimi na yeye tumegongana zaidi ya miaka arobaini na paa halijaanguka."

"Basi bonyeza mwenyewe. Hapa, penye kukataa."

Nikabonyeza kwa kidole chenye utomvu. Ile rangi ikaondoka. Mjukuu akafuta kioo kwa kanga, akilalamika kwamba kompyuta ni ya ofisi.

Wiki ile wasichana walinung'unika vya kutosha. "Mwalimu, umetubadilishia tena! Ule mwingine ulikuwa mtamu." Nikawaambia najua. Mmoja akasema hii so inawasha masikio. Nikamwambia vizuri, ikiacha kuwasha ujue umevutwa.

Jumamosi watu walijaa uani, viti vimefika mpaka kwenye kahawa. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, mpaka kule juu penye mawe. Binti yangu wa kwanza, anayeuza nyanya pale sokoni Tengeru na sauti yake inasikika soko zima, alikaa mbele karibu na kaburi. Hatukumwambia kitu. Mjukuu alikaa karibu nami, amenishika kiwiko.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, wanaume wakaingia kwa kishindo, na wasichana wa sauti ya pili wakafunga midomo, wakavumisha. So, so. Ikapanda, ikarudi, ikashikilia pale inapowasha.

Binti yangu akageuka haraka, akaangalia jikoni.